Dakhiliya ya Oman: mlima kwanza, ngome baadaye

Wageni wengi huipangia Dakhiliya siku moja. Wanatoka Maskati asubuhi, wanapanda mnara wa Nizwa, wananunua halwa, na magharibi wamesharudi hotelini. Nizwa iko kama kilomita 160 kwa barabara pana ya lami, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Ubaya wake ni kwamba ngome wameiona, mkoa hawajauona. Miji ya huku ilikaa pale maji ya mlimani yalipotokea, na ngome zikaja kuyalinda maji hayo na mitende yake. Asiyepanda juu hataelewa kwa nini Nizwa iko pale ilipo. Siku tatu ndiyo kiasi cha chini, nne ndiyo raha.

Dakhiliya ni mkoa wa bara, hauna pwani hata kidogo. Kaskazini umeegemea milima ya Hajar, kusini unaishia jangwani kupita mji wa Adam. Makao makuu ni Nizwa, na wilaya nyingine ni Bahla, Manah, Al Hamra, Izki, Samail, Bidbid na Adam. Eneo la mlima wa Jabal Akhdar lilikuwa chini ya Nizwa mpaka lilipofanywa wilaya inayojitegemea mwaka 2022. Wasomaji wa Unguja na Pemba majina haya si mageni kwao: ukoo wa Riyami una shina lake Jabal Akhdar na vijiji vya chini yake, na wengi waliorudi Oman kutoka Zanzibar, Burundi, Rwanda na Kongo walirudi kwenye miji hii. Si ajabu kununua tende sokoni Nizwa na kujibiwa kwa Kiswahili.

Barabara ya kutoka Maskati inapita kwenye penyo la Samail, linaloigawa Hajar kuwa ya magharibi na ya mashariki. Ndiyo iliyokuwa njia ya misafara ya ngamia, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kuvuka milima hii. Tazama vilima vya pembeni: vyeusi-kahawia, vimevunjikavunjika, kama vimetoka tanuruni. Huo ni mwamba wa sakafu ya bahari ya kale pamoja na ule wa chini yake zaidi, uliosukumwa ukapanda juu ya nchi kavu ya Arabuni zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuukanyaga, maana ni mahali pachache sana duniani unapojitokeza kwa ukubwa huu. Mbele kidogo, ukikaribia Izki, rangi inabadilika. Upande wa kulia unasimama ukuta wa kijivu wa mawe ya chokaa, nao ndio Jabal Akhdar. Chokaa ina nyufa na mashimo. Sehemu ya mvua ya huko juu huzama ndani ya mlima, husafiri gizani, kisha hutokea chini kwenye chemchemi na kwenye changarawe za mabonde.

Falaji

Maji hayo hufikishwa mashambani kwa falaji, yaani mifereji ya kale ya maji, mingine ikipita chini ya ardhi. Oman ina kama 3,000 zinazofanya kazi mpaka leo, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika tano kwenye Urithi wa Dunia. Tatu kati ya hizo tano ziko Dakhiliya: Falaj Daris ya Nizwa, Falaj al-Malki ya Izki na Falaj al-Khatmeen ya Birkat al-Mawz.

Kuna aina tatu. Aini huanzia kwenye chemchemi. Ghaili huchukua maji ya juujuu ya bondeni, kwa hiyo mvua ikikosekana huwa ya kwanza kukauka. Daudi ndiyo kazi kubwa: huchimbwa kisima mama chini ya mlima mpaka maji yapatikane, kisha handaki huchimbwa kutoka kisimani hadi kijijini, mara nyingine kilomita kadhaa, likiwa na mashimo ya wima njiani ya kutolea udongo na kuingiza hewa. Ugumu wote uko kwenye mwinamo. Ukizidi, maji huenda kasi na kuila sakafu ya mfereji. Ukipungua, mchanga hutuama na handaki huziba. Waliochimba hawakuwa na mashine, na maji bado yanakwenda.

Mgao wake unafaa kutazamwa kwa makini. Maji yakitoka ardhini, mahali pa kwanza ni pa kuchota ya kunywa. Baada ya hapo hupita msikitini kwa ajili ya udhu, kisha kwenye vyumba vya kuogea, wanaume kwao na wanawake kwao, ndipo yaingie mashambani, mitende ikitangulia. Huko shambani maji hupimwa kwa muda. Kipimo kinaitwa athar, takriban nusu saa. Mchana walitumia kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, usiku nyota fulani zikichomoza nyuma ya mlima. Siku hizi wengi wanatumia saa ya mkononi. Falaji ina wakili wake na mtu wa kusimamia zamu, na baadhi ya hisa za maji ni mali ya falaji yenyewe: hupigwa mnada na fedha yake hulipia ukarabati.

Ukitaka kuona hesabu hiyo kwa macho, simama Birkat al-Mawz karibu na jumba la Bait al-Rudaydah. Hapo Falaj al-Khatmeen inagawanyika mifereji mitatu iliyochongwa ili kila mmoja uchukue maji sawa na mwenzake. Ni mahali padogo, dakika kumi zinatosha, na watalii wengi hupita moja kwa moja kuwahi mlimani. Falaj Daris imetengenezewa bustani na inafaa familia, ila kwa kuelewa utaratibu wa mgao Birkat al-Mawz inaishinda. Adui mkubwa wa falaji leo ni pampu. Visima vikichimbwa karibu na kisima mama na kuvutwa kwa mashine, kina cha maji hushuka chini ya handaki, na kijiji kizima hukosa.

Kupanda Jabal Akhdar

Hapo hapo Birkat al-Mawz ndipo barabara ya mlimani inapoanzia. Kuna kituo cha polisi, na gari dogo la kawaida haliruhusiwi kupita hata kama dereva ni hodari. Wanataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na wataomba leseni. Barabara ni ya lami, pana, na kwa macho ya mtu wa kwanza sharti hili linaonekana la ukali tu. Sababu yake ni kushuka. Kutoka tambarare ya Sayq, iliyo kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mpaka Birkat al-Mawz ni kilomita kama 35 na sehemu kubwa ni mteremko usio na pumziko. Anayekanyaga breki njia nzima huzichemsha. Zikichemka hupoteza nguvu, pedeli inalainika, harufu ya kuungua inaingia ndani. Tia gia ndogo mapema, kabla mteremko haujaanza, uiache injini ndiyo izuie gari, na breki uzikanyage kwa vipindi. Ukisikia harufu, egesha pembeni usubiri zipoe zenyewe. Usimwagie maji magurudumu yaliyowaka. Njia za kokoto zinazopanda kando ya barabara zimewekwa kwa ajili ya magari yaliyoshindwa kabisa, na si mahali pa kuegesha kupiga picha.

Asiye na gari la namna hiyo huacha lake chini na kukodi la mwenyeji pamoja na dereva wake. Patana bei kabla ya kupanda, na taja vijiji unavyotaka kufika, la sivyo utapelekwa kwenye hoteli moja yenye mandhari na kurudishwa.

Juu kuna nchi nyingine. Julai, Nizwa ikiwa imepita nyuzi 40, Sayq iko kwenye 30 hivi. Januari usiku joto hukaribia sifuri na maji hugandia nje. Anayetoka Maskati na kanzu nyepesi atajuta. Kuna mireteni mizee na mizeituni pori, na kwenye matuta ya mawe wanalima komamanga, jozi, aprikoti, pichi, zabibu, na mawaridi.

Mawaridi huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mapema Mei, nayo ndiyo majira ya kuja kama unaweza kuchagua. Huchumwa alfajiri kabla jua halijapata nguvu, kwa sababu joto huondoa harufu, na hupikwa siku ile ile. Jiko la asili ni la mawe na udongo, limetobolewa mashimo ambamo vyungu vimezama. Petali huwekwa ndani ya chungu, katikati yake chombo kidogo kitupu cha shaba, na mdomo wa chungu hufunikwa kwa bakuli la shaba lililojazwa maji baridi. Mvuke unapanda na harufu, unagonga tumbo la bakuli baridi, unakuwa matone, unadondokea kwenye chombo cha ndani. Kazi ya mpishi ni kulinda ubaridi wa juu. Maji ya bakuli yakipata moto lazima yabadilishwe, maana mvuke hautageuka tena kuwa maji, utapenya pembeni na kwenda zake. Moto ukizidi petali huungua chini na marashi hutoka na uchungu. Mpiko mmoja huchukua kama saa nne. Kinachopatikana ni cha rangi ya hudhurungi na kina harufu ya moshi. Hutiwa kwenye mtungi mkubwa kituame kwa mwezi na zaidi, kisha ndipo kijazwe chupani.

Zamani kuni zilikuwa za huko huko mlimani, sasa wengi hutumia gesi, na mitambo ya chuma inatoa maji meupe safi yasiyo na moshi hata chembe. Anayenunua kwa ajili ya kahawa na halwa atafute ya jiko la udongo. Anayetaka ya mrashi, ya kuwanyunyizia watu kwenye maulidi na harusi kama kwetu pwani, ya mtambo itamfaa zaidi. Bei si sawa, na muuzaji mwaminifu atakuonjesha zote mbili bila kuombwa.

Komamanga ni za mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Nje ya miezi hiyo, inayouzwa kama ya Jabal Akhdar ama imehifadhiwa ama imetoka kwingine. Tazama ngozi yake: kuna kipepeo anayetaga juu ya tunda, na kiwavi wake hutoboa tundu dogo na kuozesha ndani huku nje kukiwa kuzuri. Ndiyo maana utaona matunda yamefungwa mifuko yakiwa bado mtini.

Matembezi mazuri ni ya kupita vijiji vya Al-Aqr, Al-Ayn na Ash-Shirayjah, vilivyokaa ukingoni mwa bonde juu ya ngazi za matuta. Saa moja na nusu inatosha kwa mwendo wa kutazama. Njia hupita kwenye kuta za mashamba na kandokando ya mifereji, kwa hiyo usikanyage mfereji, usichume, na usiingie mlango ulio wazi kwa kudhani ni makumbusho. Matuta ya chini utayaona yamekauka. Mvua imekuwa haba na maji yanagombewa na nyumba na hoteli, na mkulima hukata ya chini kwanza ili kuokoa ya juu. Wadi Bani Habib, kijiji cha zamani kilichohamwa, ni karibu na hapo. Ngazi za kushukia ni nyingi na za kurudia ni zile zile, wazee wajipime kwanza.

Nizwa, siku ya Ijumaa

Panga uwe Nizwa asubuhi ya Ijumaa, na ulale huko huko Alhamisi. Mnada wa mifugo huanza jua likichomoza na kufikia saa tatu umekwisha. Uwanja ni wa mviringo. Wanunuzi wamekaa katikati na pembezoni, na madalali wanazunguka kati yao na mbuzi au ng'ombe kwa kamba, wakipaza bei. Mnunuzi akiguswa na nia humvuta mnyama, humfungua mdomo kutazama meno, humpapasa mgongo na kiwele, humwachia. Dalali anaendelea kuzunguka na bei mpya. Kukaa kitako kwenye safu ya mbele bila nia ya kununua ni kuchukua nafasi ya mtu, na fahali akikurupuka utakuwa njiani mwake. Simama nyuma. Wiki ya kabla ya Idi umati ni mkubwa mno, lakini ndipo hasa mnada unaponoga, kwa kuwa kila nyumba inatafuta mnyama wa shuwa, nyama ya viungo inayofukiwa shimoni kwa siku nzima au mbili.

Ngome iko hatua chache kutoka hapo. Mnara wake mkubwa ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, uliokuwa ukitawala Oman, katika karne ya 17, na inasemwa kazi ilichukua miaka 12. Ndiye aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Sehemu ya chini ya mnara imejazwa mawe na udongo ili mizinga isiubomoe, kwa hiyo unachopanda ni ngazi nyembamba inayopinda, na kila kona kuna mlango mzito. Juu ya milango kuna matundu ya kumwagia asali ya tende iliyochemka. Adui aliyevunja mlango wa kwanza alijikuta gizani, katika nafasi ya mtu mmoja, na mlango mwingine mbele yake. Ijumaa ngome hufungwa wakati wa sala, basi maliza mnada, kunywa kahawa, uingie mapema.

Halwa inunue sokoni humo, na uombe kuonja kabla. Ya zafarani na ya sukari nyeusi ni tofauti sana. Majambia ya fedha yapo ya kweli na ya kuwauzia watalii. Yasiyo na bei ya kutisha kwa kawaida si fedha.

Jabreen kabla ya Bahla

Bahla ina jina kubwa zaidi. Ngome yake ya matofali ya udongo, iliyohusishwa na enzi za watawala wa ukoo wa Banu Nabhan, iliingia Urithi wa Dunia mwaka 1987, na kuanzia 1988 hadi 2004 ilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Udongo hauvumilii mvua ukiachwa bila kupakwa upya. Ukuta wa mji ni wa kilomita kama 12. Kwa mbali ngome hii ni ya kustaajabisha, lakini ndani vyumba vingi ni vitupu. Mwenye nafasi ya moja tu aende Jabreen, mwendo mfupi kutoka hapo, kisha aitazame Bahla kutoka barabarani na kununua chungu kwa wafinyanzi wake.

Jabreen ilijengwa miaka ya 1670 na Imamu Bil'arab bin Sultan iwe makazi na chuo. Dari zake za mbao zimechorwa maua na mapambo kwa rangi ambazo bado zinaonekana. Ukumbi wa Jua na Mwezi una madirisha 14, saba chini na saba juu, hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Kuna ghala la tende lenye mifereji sakafuni: magunia yalirundikwa, uzito wake ukakamua asali, ikatiririka hadi mtungini. Falaji inapita ndani ya jengo, na kaburi la Bil'arab liko humo humo chini. Alifia Jabreen mwaka 1692 akiwa amezingirwa na ndugu yake Saif, aliyekuwa akigombea uimamu naye. Huyo Saif bin Sultan ndiye ambaye majeshi yake yalizingira Ngome ya Yesu Mombasa tangu 1696 na kuitwaa kwa Wareno mwaka 1698. Kwa Mswahili, hapa ndipo historia ya nyumbani inapopita kabisa.

Mwenye siku ya ziada apite Manah. Jumba la makumbusho la Oman kupitia zama zote lilifunguliwa huko Machi 2023, na ni kubwa kiasi cha kumaliza nusu siku. Adam, alikozaliwa Imamu Ahmad bin Said, mwanzilishi wa nasaba ya Busaidi iliyotoa masultani wa Zanzibar, ni mbali kusini na haina mengi ya kutazama zaidi ya mtaa wa kale. Tanuf nayo ni magofu karibu na barabara ya Bahla: kijiji kilipigwa mabomu na ndege za Waingereza wakati wa vita vya Jabal Akhdar katika miaka ya 1950, na kuta zimeachwa zilivyo.

Al Hamra, Misfat na Jabal Shams

Al Hamra ina nyumba za udongo za ghorofa mbili tatu, nyingi hazina watu. Juu yake ni Misfat al-Abriyyin, kijiji cha mawe kilichokaa juu ya miamba, ambacho shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii mwaka 2021. Acha gari nje, vaa kwa heshima, na usitie miguu kwenye mfereji wa kijiji. Nyumba kadhaa za zamani zimegeuzwa za wageni, na ndiyo malazi bora ya upande huu.

Jabal Shams, kilele cha juu kabisa cha Oman, kinafika karibu mita 3,000. Kilele chenyewe ni eneo la jeshi; watu huja kwa ajili ya korongo la Wadi Nakhr, lenye kina cha kama mita 1,000. Njia ya ukingoni, W6, inaanzia Al-Khateem kwenye mita 1,900 hivi na kwenda hadi kijiji kilichohamwa cha As-Sab. Kwenda ni saa moja na nusu au mbili, na kurudi vivyo hivyo. Alama ni mistari ya rangi nyekundu, nyeupe na njano kwenye mawe. Ukipita dakika kadhaa bila kuiona, rudi. Njia haina ugumu wa kupanda, ila upande mmoja ni shimo lisilo na kizuizi. Watoto washikwe mkono, na mwenye kizunguzungu asijilazimishe. Lita mbili za maji kwa mtu ni za lazima, tatu wakati wa joto. Anza asubuhi: mchana wa kiangazi mawingu hujikusanya ghafla, na mvua inayonyesha juu hushuka mabondeni kama gharika hata pale mbingu za chini zilipo wazi. Bonde likiwa na maji yanayokwenda, subiri. Kulivuka kwa gari ni hatari na pia ni kosa la kisheria.

Ramani ya simu inaweza kukupendekezea urudi Maskati kwa kukata kutoka Al Hamra hadi Rustaq kupitia Sharaf al-Alamayn. Kufika Sharaf penyewe ni lami, na mandhari yake yanalipa. Kutoka hapo kushuka Wadi Bani Awf ni njia ya mawe, nyembamba, yenye kona ambazo magari mawili hayapishani, na inahitaji gari la magurudumu manne, dereva aliyezoea na siku isiyo na mvua. Asiye na vyote vitatu ageuze Sharaf, ashuke alikotoka, arudi kwa barabara ya Samail.